Bi Usitikisike na Galaksi Yake

Hospitali nzima ilimjua kwa jina la Bi Usitikisike. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama nyuma ya kioo kizito cha chumba cha eksirei akitoa amri zile zile: vuta pumzi, ishikilie, usitikisike. Watoto waliacha kulia kwa sauti ile, na wanaume wenye vifua vipana kama milango waliganda wakawa sanamu. Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kutulia hata kwa muda wa kuchemsha yai. Akisubiri picha itokee, kidole kinapiga ngoma mezani. Akila, mguu unacheza chini ya meza mpaka vikombe vinalia kwenye visahani. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa kusafiri, lakini kiguu na njia mwenyewe yuko nyumbani.

Mwaka ule hali ilizidi, na kulikuwa na sababu mbili. Moja ilikuwa juu ya paa, kila mtu akiiona. Ya pili ilikuwa kabatini, na hakuna aliyeijua ila yeye.

Tuanze na ya paa. Shule moja ya sekondari ilipofunga maabara yake, Bi Usitikisike alijipatia darubini ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, akafunga kamera nyuma yake, akaisimamisha juu ya paa la zege la nyumba yao. Alikuwa akiwinda galaksi moja. Haina jina, ina namba tu katika orodha za wataalamu wa nyota, na ni hafifu kiasi kwamba ukiitafuta kwa jicho, hata ndani ya darubini, huoni zaidi ya alama ya pumzi kwenye kioo. Lakini kamera ikiikodolea kwa saa nyingi bila kupepesa, inajitokeza: kiini chenye mwanga, na mikono miwili iliyojizungusha kukizingira, kama nywele zinavyozunguka kwenye utosi wa mtoto mchanga.

Ukimuuliza ya nini yote hayo, alikuwa na jibu moja tu. Tangu aanze kazi, kila picha aliyopiga ilikuwa ya kitu kilichovunjika au kinachodhaniwa kuvunjika. Kabla hajastaafu alitaka apige picha ya kitu kizima.

Kazi yenyewe si ya kubofya na kuondoka. Kila picha inachukua dakika tatu, mota ndogo ikiisogeza darubini polepole ili ifuate nyota zinavyotembea. Unapiga mamia ya picha kama hizo, usiku baada ya usiku, kisha kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine mpaka kilichokuwa hafifu kinapata mwili. Mwezi ukiwapo, hakuna kazi. Galaksi yake ilipanda juu vya kutosha miezi michache tu kwa mwaka, na ndani ya miezi hiyo zile siku za giza zilikuwa za kuhesabu.

Na picha zilikuwa hazitoki. Nyota ambazo zilipaswa kuwa vidoa vya duara zilitoka kama vijiti, au kama mayai, au pacha waliobanana. Alikaza skrubu zote, akazikaza tena. Aliifungua mota akaipaka grisi. Aliweka matofali kwenye miguu ya darubini. Aliulaumu upepo hata katika usiku ambao moshi wa majirani ulikuwa unapanda wima. Alimshuku paka. Na wakati kamera ikifanya kazi, yeye alikuwa akitembea huku na huku, kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye kamba ya nguo, hatua kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, akijiuliza kosa liko wapi.

Sasa ya kabatini. Uchochoro wao haukuwa na taa hata moja. Wakazi walikuwa na kamati, na Bi Usitikisike alikuwa katibu wake, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka na barua zake zilikuwa na adabu. Kamati ikaazimia kuiomba halmashauri taa za barabarani. Akaandika barua nzuri, watu wote wakatia sahihi, hata mama mkwe wake aliyekuwa akiishi nao chini, na yeye akakabidhiwa aipeleke.

Hakuipeleka. Taa moja tu kando ya nyumba yao ingeifuta galaksi kama kitambaa kinavyofuta ubao. Alijiambia ataipeleka siku za giza zikiisha, akaiweka chini ya sweta. Siku za giza zikaisha, picha hazikutoka, akajiambia mwezi ujao. Mwenyekiti, mzee mmoja mstaafu wa reli, akamsimamisha njiani.

"Katibu, ile barua ilifika?"

"Ilifika, mzee." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Wanasemaje?"

"Wanasema tusubiri."

Kuanzia siku ile uchochoro mzima ukawa unailaani halmashauri, na Bi Usitikisike akiwa katikati yao akilaani kuliko wote. Mwezi wa tatu tangu barua iandikwe ukaingia. Akisikia mlango unagongwa, anakimbilia paani. Akimwona mwenyekiti kwa mbali, anakumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Asubuhi moja, mgonjwa wa pili kuingia chumba cha eksirei alikuwa jirani yao, mama mwenye tanuri la mikate mwisho wa uchochoro. Alikuwa ameubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na khanga yake ilikuwa na matope mpaka kiunoni.

"Afadhali nimekukuta wewe," alisema muoka mikate.

"Imekuwaje, jirani?"

"Si ule mtaro usio na kifuniko. Saa kumi alfajiri, giza totoro, natoka kwenda kuwasha tanuri. Nikakanyaga hewa."

Bi Usitikisike aliulaza mkono ule juu ya meza, akaugeuza taratibu, akakimbilia nyuma ya kioo. Muoka mikate hakunyamaza.

"Wewe angalau uliandika. Hao wa halmashauri ndio wenye roho ngumu. Mungu akulipe kwa kujisumbua kwako, nakwambia kweli."

"Usitikisike," alisema, akabofya.

Picha ikatokea. Mfupa ulikuwa umekatika karibu na kiungo cha mkono, na kuuzunguka ulikuwapo mviringo mweupe pe. Bangili. Hakuwa ameivua. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafokea wanafunzi kwa ajili yake. Akatoka kwenda kuirudia, akaing'ang'ania bangili kwa pupa kwenye mkono uliovimba.

"Tulia, jirani," muoka mikate alimwambia. "Anayeumwa ni mimi."

Usiku ule alitembea paani mpaka alfajiri. Asubuhi mama mkwe alimkuta mezani, macho mekundu. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima.

"Mwanangu, jana mlikuwa na gwaride huko juu? Mimi magoti hayaniachi nilale, na wewe nawe huniachii hata dari."

"Samahani, mama," alijibu bila kusikia alichoambiwa. Alikwenda kabatini, akainua sweta, akatoka.

Ofisi ya halmashauri ilikuwa na ngazi tisa. Alizipanda, akashuka, akapanda tena. Karani alikuwa kijana mchangamfu mwenye muhuri mkononi, akapiga muhuri kwenye barua na kwenye nakala, pa, pa, kisha akasoma.

"Ala! Ninyi ndio hawa? Sisi tulidhani hamtaki."

"Hatutaki nini?"

"Taa, mama. Nguzo zenu zimelala stoo tangu mwanzo wa mwaka. Kila uchochoro ulioandika umepata. Tulikuwa tunangoja barua tu." Akatazama kalenda ukutani. "Siku nane tisa hivi, mtakuwa na mwanga."

Alipotoka nje aliitazama ile nakala. Juu, kwa mwandiko wake mzuri, tarehe ya miezi mitatu iliyopita. Chini, kwa wino wa buluu, tarehe ya leo. Nakala yenye muhuri ndiyo inayobandikwa kwenye ubao wa kamati, ndiyo desturi yao. Angeweza kusema imepotea. Angeweza kuwapa habari njema tupu, nao kwa furaha wasiulize. Alizunguka jengo lile mara mbili akiyapima hayo, na mlinzi wa getini akaanza kumtilia shaka. Kisha akaenda moja kwa moja kwa muoka mikate, mbio mbio, asije akabadili nia.

Muoka mikate alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, mkono umefungwa plasta, akimfokea mumewe aliyekuwa anakanda badala yake. Mikate ya siku ile ilitoka migumu kama tofali. Bi Usitikisike akampa karatasi. Akaisoma polepole, kisha akaweka kidole cha mkono mzima juu yake.

"Hii tarehe ya juu?"

"Ndiyo siku niliyoiandika."

"Na hii ya muhuri?"

"Leo."

Mume aliacha kukanda.

"Kwa hiyo ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Kabatini, chini ya sweta." Njia nzima alikuwa ameandaa maneno mengi, na sasa hakuna hata moja lililomfaa. "Taa zingeniharibia picha zangu za angani."

"Picha," alisema muoka mikate. Aliutazama mkono wake, akaitazama tena karatasi. "Mimi nilikuombea dua, unajua? Pale pale kwenye meza yako."

"Najua."

"Toka, jirani. Ukiendelea kusimama hapo nitasema neno nisiloweza kulirudisha."

Jua lilipotua, habari ilikuwa imefika kila mlango. Mwenyekiti alikuja kuchukua daftari la kamati na muhuri wake mdogo wa mpira. Hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi. Watu walimsalimu kwa nusu ya salamu. Mama mkwe alikuwa ameketi upande wa pili wa meza.

"Sahihi ile niliitia kwa mkono wangu," alisema. "Umenitia aibu, mwanangu." Akasogeza mbele yake kijiko na bakuli. "Sasa kula."

Alfajiri iliyofuata, saa tisa na nusu, Bi Usitikisike alishuka na tochi, akaenda kusimama kando ya mtaro, pale pale penye tundu. Hakuna aliyemtuma. Saa kumi muoka mikate akatokea na mumewe nyuma yake, kwa maana hakuwa tayari kuliacha tanuri mikononi mwa mtu anayeoka matofali. Bi Usitikisike aliinamisha tochi, mwanga ukaangukia ukingo wa mtaro. Muoka mikate akapita bila kugeuza shingo. Baada yake wakapita wachuuzi wanaowahi sokoni, walinzi wanaotoka zamu, mfagiaji na ufagio wake begani. Akawamulikia wote mpaka saa kumi na moja, akarudi ndani.

Na darubini? Tuseme ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuficha: aliendelea. Siku za giza zilikuwa zimeingia, za mwisho kwa msimu ule, za mwisho kabisa kwa uchochoro ule. Alijionea haya, na bado saa sita ya usiku ilimkuta paani akiilenga galaksi yake. Tamaa haikumtoka kwa kuwa ametubu. Alianzisha kamera, akatembea hatua zake kumi na moja kwenda na kurudi, na ilipofika saa tisa na nusu akaiacha kamera peke yake akashuka. Saa hiyo ndiyo anga ilikuwa tulivu kabisa, safi kuliko wakati wowote wa usiku. Kuiacha kulimuuma. Kule chini alisimama na tochi, akihamisha uzito mguu huu na mguu ule, akiwaza kwamba hapo juu sasa hivi pengine pana kitu kinachoteleza na hayupo kukishika.

Usiku wa kwanza ukapita hivyo, wa pili, wa tatu. Wa nne, muoka mikate alipofika kwenye mtaro alisimama kidogo.

"Betri zako zitaisha," alisema, akaendelea na safari.

Lilikuwa neno la kwanza tangu siku ile, na Bi Usitikisike alilirudia moyoni siku nzima kazini kama mtu aliyepewa zawadi. Alinunua betri mpya pakiti mbili.

Nguzo zikaletwa. Mafundi wakachimba mashimo, wakavuta nyaya, watoto wakiwazunguka. Usiku wa nane wa giza ulikuwa wa mwisho. Jioni ya kesho yake taa zingewaka. Bi Usitikisike aliomba ruhusa ya siku moja kazini, akaketi na kompyuta kwenye meza ya chakula, mama mkwe akinywa chai mbele yake. Programu ilianza kuzipitia picha moja moja, ikizitupa zile ambazo nyota zake zimepinda. Alikuwa amezoea jambo hilo. Kwa kawaida ilitupa karibu zote.

Safari hii haikutupa zote. Katika picha zaidi ya mia saba, ilizikubali mia mbili na kumi na nne. Aliikodolea macho orodha. Akaangalia saa za picha zile, akadhani ameona vibaya, akaziangalia tena.

"Mbona ajabu," alisema. "Zote ni za kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja. Kila usiku. Kabla ya hapo hakuna hata moja iliyo nzima. Saa hizo kuna nini?"

"Saa hizo ndipo ninapolala," alisema mama mkwe.

"Mama, naongea habari za picha."

"Na mimi naongea habari za dari. Ukishuka na tochi yako, dari inanyamaza, nami napata usingizi. Kabla ya hapo ni kru, kru, kru juu ya kichwa changu, na taa yangu inacheza kwenye waya wake. Nimekwambia mara ngapi?"

Bi Usitikisike aliivuta kompyuta karibu aangalie tena. Kikombe kilikuwa kinalia. Alikitazama: chai ilikuwa inatetemeka ndani yake, viduara vidogo vikikimbilia ukingoni. Akainama akatazama chini ya meza, akauona mguu wake mwenyewe ukicheza. Akaubana kwa mikono miwili. Chai ikatulia.

Skrubu, grisi, matofali, upepo, paka wa watu. Miezi mitatu. Alicheka mpaka mama mkwe akaweka kikombe chini kwa wasiwasi, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakizuia. Angeketi tu. Angeketi tu mwezi ule wa kwanza, angepata picha yake, angepeleka barua, na mkono wa mtu ungekuwa mzima.

Galaksi ilijitokeza kwenye kompyuta alasiri. Kiini, mkono mmoja uliojizungusha wazi, na wa pili hafifu, ukianza vizuri kisha ukipotelea gizani kwa kukosa saa za kutosha. Fundi wa kompyuta wa hospitali alimsaidia kuitoa kwenye filamu ya eksirei iliyopitwa na muda, kwani hakuna karatasi aliyoiamini kama filamu.

Saa moja usiku taa zikawaka. Uchochoro ulipiga kelele kama timu yao imefunga bao. Watoto walikimbizana na vivuli vyao, na mwenyekiti akavua kofia. Bi Usitikisike alisimama mlangoni kwake akapiga makofi pamoja nao. Alitazama juu mara moja. Palikuwa na rangi ya kijivu tu, kama alivyojua pangekuwa.

Muoka mikate alivuka kutoka upande wa pili, plasta yake ikiwa imejaa alama za unga. Alisimama mbele yake.

"Ndiyo hiyo?"

Bi Usitikisike alikuwa na ile filamu mkononi. Hakukumbuka kwa nini alitoka nayo. Akampa. Muoka mikate aliinua filamu kwa mkono wa kushoto kuelekea kwenye taa mpya, kama wafanyavyo wagonjwa wote wakitoka chumba cha eksirei, akafumba jicho moja. Mwanga wa nguzo ukapita ndani yake. Aliitazama muda mrefu, akiigeuza, akiitafuta.

"Imevunjika wapi?"

"Hii haijavunjika."

Muoka mikate aliendelea kuishikilia juu. Bi Usitikisike alisimama kando yake, miguu yote miwili chini, akingoja.

"Haya," alisema hatimaye, akaibana kwapani pasipo kuirudisha. "Kesho saa kumi huna haja ya kuja. Taa zipo."

Akaondoka hatua nne tano, akasimama pale kwenye tundu la mtaro, akalitazama.

"Au njoo," alisema. "Kifuniko bado hakijawekwa."